Kichwa Wazi Kisimani

Kaka yangu Gordei alichukuliwa jeshini akiwa ameoa miezi kumi tu. Mkewe aliitwa Lukeria, lakini tangu siku ile karibu kila mtu kijijini aliacha kumwita kwa jina. Akawa "mke wa askari" basi. Na mke wa askari kwetu ni kiumbe cha ajabu: si msichana, si mjane, na mume hana. Akicheka, watu wanauliza anamchekea nani. Akilia, wanauliza analilia nani.

Nyumbani kwetu alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kutia kijiko chake bakulini. Hakuvuka lango bila kumwambia mama, wala hakumtazama baba usoni. Nywele zake sikuwahi kuziona, ingawa nililala naye chumba kimoja mwaka mzima na zaidi. Alizisuka gizani mikia miwili, akaizungushia kichwani, akavaa kofia ya kitambaa, na juu ya kofia akafunga kitambaa kikubwa. Ndivyo alivyotakiwa mwanamke aliyeolewa. Mimi nilikuwa bado msichana, na msuko wangu mmoja uliniangukia mgongoni mbele ya macho ya watu wote, nikiringa nao kama nimeufuma mwenyewe. Lakini nywele za mwanamke mwenye mume zikiona jua, nafaka hukauka mashambani na ng'ombe huharibu mimba. Tulilelewa tukiambiwa hivyo, na tuliamini.

Mama yangu, Domna, hakuwa mtu wa sifa. "Lukeria, hizo nguo unazifua au unazibembeleza?" "Lukeria, huu mkate umeoka wewe au ameoka shetani?" Sikumsikia hata siku moja akimwambia mkwewe neno tamu. Baba yangu, Yefim, alikuwa mpole, na upole wake mwingi ulikuwa woga.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nimeshaposwa. Mchumba wangu alikuwa Klim, mtoto wa Saveli wa ng'ambo ya mto. Tulikuwa tumeonana mara nne, na mara ya nne aliniletea kitana cha kuchania kitani alichokichonga mwenyewe, kikiwa na ndege wawili kwenye mpini. Harusi ilipangwa baada ya mavuno. Nilimpenda. Nalisema mapema ili mjue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Tangu Krismasi, Lukeria alikuwa ameanza kuniambia kila asubuhi, "Wifi, tuongozane kisimani." Nilidhani anaogopa mbwa. Kumbe alikuwa akimwogopa Zakhar, mdogo wake mkuu wa kijiji, Terenti. Zakhar alikuwa na mke na watoto wanne, lakini macho yake yalikuwa kwa wake za wengine, hasa wale ambao waume zao wako mbali.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya Pasaka, asubuhi, matope bado hayajakauka. Kisimani tulikuwa wanawake wanane. Lukeria alikuwa ameshajaza ndoo zake mbili na ameuweka mzega begani, ule mti wa kuning'inizia ndoo, Zakhar akaja akimkokota farasi kumnywesha.

"Mke wa askari! Huyo mumeo anakuandikia, au ameshapata mwingine huko?"

Lukeria aliuweka mzega sawa begani.

"Nakusemesha wewe! Au siku hizi umekuwa malkia?"

"Mnyweshe farasi, Zakhar Petrovich, uende nyumbani. Mkeo anakusubiri."

Wanawake wakacheka. Zakhar akatazama huku na huku, masikio yamemwiva.

"Juzi usiku hukuniambia niende kwa mke wangu," akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie.

"Juzi usiku?" Lukeria akamgeukia. "Juzi usiku ulilala mtaroni kwa Akulina, umelewa, nguruwe wake wakikunusa. Muulize Akulina, huyu hapa."

Akulina alicheka mpaka akashika ukingo wa kisima. Tulicheka sote. Zakhar akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono, akashika kitambaa pamoja na kofia, akavuta kwa nguvu.

Mikia miwili ya nywele ilianguka mpaka kiunoni. Ilikuwa ya rangi ya asali, minene, na ncha zake zilifungwa kwa uzi mwekundu. Kicheko kilikatika. Lukeria alibaki amesimama na mzega begani, ndoo zimejaa, mikono yote miwili imeshika mzega. Mpaka leo sijui kwa nini hakuzibwaga zile ndoo. Aliinama polepole, akazitua moja, akaitua nyingine, tone halikumwagika. Ndipo akainua aproni yake akajifunika kichwa.

Zakhar alikitupa kitambaa kwenye hori la farasi. "Haya, tazameni! Mali ya wote hiyo."

Akaondoka. Na mimi? Mimi nilirudi nyuma hatua moja, pamoja na wale wengine, kama watu wanavyomkwepa mgonjwa wa tauni. Ni hatua moja tu, lakini naikumbuka kuliko safari zote nilizowahi kwenda.

Tulipofika nyumbani, mama alikuwa akikanda unga. Aliinua macho.

"Kitambaa kiko wapi?"

Lukeria alisimama mlangoni na aproni kichwani, midomo inamtetemeka. Nikaeleza mimi. Nilitegemea mama atampiga, maana watu wengi wangempiga. Mama alifuta mikono, akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka kwa ajili ya maziko yake mwenyewe. Akamfunga Lukeria kichwani, kwa nguvu, kama anafunga gunia.

"Usilie," akamwambia. "Ukilia watasema una hatia."

Kisha akaenda kumtafuta baba uani.

"Yefim, nenda tarafani ukafungue kesi."

"Kesi gani tena, mama Gordei? Maneno ya wanawake kisimani hayo. Yatapita."

"Mke wa mwanao amevuliwa kichwa mchana kweupe."

"Na aliyemvua ni ndugu yake Terenti! Mwaka huu mashamba yanagawiwa upya. Unataka nipewe kinamasi? Mambo ya wanawake ni ya wanawake, yamalizeni wenyewe."

"Sawa," mama akasema. Akaingia ndani, akachukua koleo, akachota makaa yote kwenye lile jiko letu kubwa la matofali, akayatumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nyumba nzima ikajaa mvuke.

"Domna! Umepatwa na nini?"

"Jiko nalo ni mambo ya wanawake," mama akasema. "Limepita."

Mwanamke kwetu hasemi barazani. Hana kipande cha ardhi, na hata kwenda kumtembelea mama yake lazima aombe ruhusa. Lakini jiko hakuna mwanamume anayeligusa. Siku tatu jiko letu lilikaa baridi. Baba alikula mkate mkavu na kitunguu, akashushia togwa iliyochacha. Siku ya pili alijaribu kuliwasha mwenyewe, akasahau kufungua bomba la moshi. Alitoka mlangoni akikohoa, ndevu nyeusi tititi, majirani wamejipanga kwenye uzio.

Kwetu nyumba isiyotoa moshi ni nyumba yenye maiti. Watu wakaanza kuja kuuliza.

"Domna, jamani, kwenu amekufa nani?"

"Heshima ya Yefim," mama akawajibu bila kucheka. "Tunasubiri siku ya kuzika."

Asubuhi ya siku ya pili ile ile tulikuta lango letu limepakwa lami. Lami langoni huwa haimsemi mwanamke aliyeolewa. Humsema msichana aliye ndani, kwamba ameshaharibika. Msichana alikuwa mimi. Nilichukua kisu nikaanza kukwangua huku nikilia kwa hasira, na Lukeria alipokuja na kisu chake kunisaidia, nikamgeuzia ile hasira yote.

"Ungenyamaza! Ungecheka naye kidogo tu, akaenda zake! Sasa Klim akisikia?"

Lukeria aliendelea kukwangua. "Nilinyamaza tangu Krismasi, wifi," akasema. "Na kucheka pia nilicheka."

Tulikwangua mpaka mbao zikatoka nyeupe, mikono yetu ikabaki myeusi wiki nzima.

Siku ya nne baba alivaa buti zake za kanisani, akatandika farasi, akaenda tarafani. Hakuaga mtu. Aliporudi jioni alikuta supu ya kabichi mezani, inatoa moshi. Alikula sahani tatu.

Kesi ilisikilizwa Jumapili moja baada ya ibada. Mama alituonya tukiwa bado kwenye gari la farasi. "Lukeria, utajibu unachoulizwa, basi. Fetinia, wewe utakaa mlangoni na wanawake, na mdomo wako uwe umeshonwa. Una harusi."

Tulipoingia, mama alinishika mkono ghafla. Mahakimu walikuwa watatu, wakulima kama sisi, na aliyekaa katikati alikuwa Saveli, baba yake Klim, mkwe wangu mtarajiwa. Alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na sifa yake ilijulikana kote: hakuwahi kunywa vodka ya mtu mwenye kesi. Klim mwenyewe alikuwa nje, anashika farasi.

Zakhar aliapa kwamba hakumgusa. "Farasi wangu alitikisa kichwa, hatamu zikanasa kitambaa chake. Mimi nifanyeje? Nimhukumu farasi?"

Watu wakacheka. Nyuma yake kaka yake Terenti alikuwa amekaa, mikono kifuani, anatazama wanawake wa kijiji chetu mmoja mmoja.

Saveli akaanza kuwaita.

"Akulina, uliona nini?"

"Nilikuwa nimeinama, mzee. Navuta ndoo."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimeinama."

"Wewe?"

"Mimi pia, mzee. Kiatu kilinifunguka."

Saveli alipofika wa sita, alimwashiria karani aweke kalamu chini. "Hicho kisima chenu kina mdomo mpana kiasi gani, hata wanawake sita wakainama kwa wakati mmoja?"

Kicheko kikalipuka, na Zakhar akacheka kuliko wote. Lukeria alisimama katikati na kile kitambaa cheupe cha mama. Saveli akamuuliza kama ana shahidi mwingine.

"Sina, mzee," akasema.

Hakugeuka kunitazama. Alijua nilikuwepo, nilisimama naye bega kwa bega, na bado akasema hana. Mama naye alitazama sakafu. Wote wawili walikuwa wananikinga mimi. Lingekuwa jepesi kama wangenitazama kwa lawama, ningekasirika, nikanyamaza.

"Mimi sikuinama," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya.

"Nani huyo?" Saveli akauliza. Alinijua vizuri, alikuwa amekula mkate mezani kwetu.

"Fetinia, binti Yefim."

"Umeitwa?"

"Sikuitwa."

"Baba yako amekuruhusu kusema?"

Nikamtazama baba. Alikuwa ameshika kofia yake magotini, anaizungusha, anaizungusha. Terenti alikuwa anamkazia macho. Baba akaacha kuizungusha.

"Aseme," akasema.

Nikasema yote: juzi usiku, mtaro, nguruwe, mkono, kitambaa ndani ya hori. Nikasema jinsi alivyozitua ndoo. "Na mimi nilirudi nyuma hatua moja," nikamaliza, "na hilo ni kosa langu, si lake."

Akulina akapiga chafya, au alijifanya, akasema, "Basi jamani, hata mimi sikuinama. Na nguruwe ni wangu." Aliyesema habari ya kiatu akafuata. Mwishoni wakawa wanne.

Mahakimu walinong'ona kidogo tu. Zakhar akahukumiwa siku saba kwenye chumba cha mahabusu cha tarafa, na akitoka, amwinamie Lukeria mpaka chini mbele ya kanisa, watu wote wakiona. Terenti aliinuka akaubamiza mlango mpaka vumbi likaanguka dirishani.

Nje, Saveli alimwita baba pembeni, karibu na gari letu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Yefim, binti yako amesema kweli, na Mungu atamlipa. Lakini nyumbani kwangu tuko watu kumi na wanne chini ya paa moja. Mkwe anayesema barazani bila kuitwa simuwezi. Tuachane kwa heri."

Baba alikodoa macho. "Lakini umemfunga yule kwa maneno ya huyu!"

"Ndiyo. Kule ndani nilikuwa hakimu. Hapa mimi ni baba wa Klim."

Nilimtafuta Klim kwa macho. Alikuwa ameinama kando ya farasi wao, anakaza mkanda ambao ulikuwa umeshakazwa. Aliendelea kuukaza mpaka gari letu likaondoka.

Njiani Lukeria aliingiza mkono wake ndani ya mkono wa koti langu, akanishika vidole. Sikuuondoa mkono wangu, lakini sitawadanganya kwamba nilikuwa na furaha. Nilimkasirikia mwaka mzima. Nilimkasirikia kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nisingeweza kumkasirikia Saveli, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo lililo nje ya desturi. Kitana cha Klim tulikirudisha na vitu vingine. Mama alikifunga yeye, kwa sababu mimi nilikataa kukigusa.

Zakhar aliinama kama alivyoamriwa. Alifanya haraka haraka, akanung'unika neno la kuomba msamaha kwenye ndevu zake.

"Sikusikia," Lukeria akasema.

Akalirudia. Watu wa kanisa zima walisikia mara hiyo.

Terenti naye alilipiza kwa njia yake: mashamba yalipogawiwa, sisi tulipata kinamasi, kama baba alivyotabiri. Tulichimba mifereji miaka miwili, baba, Lukeria na mimi, matope mpaka magotini. Baba hakumlaumu mtu. Siku moja tu, ameegemea koleo lake, alisema, "Angalau hapa hakuna jirani anayekuja kuuliza amekufa nani," akacheka peke yake.

Gordei alirudi baada ya miaka minne, amekonda, ana kikohozi. Kabla ya kufika nyumbani alipitia kilabuni, na huko walikuwa tayari wanamsubiri na habari. Aliingia na koti lake la kijeshi, hakuvua hata buti.

"Lukeria. Ni kweli ulivuliwa kichwa mbele za watu?"

Lukeria alikuwa amemsubiri miaka minne, na hilo ndilo neno la kwanza alilolisikia. Mama ndiye aliyejibu.

"Kaa chini ule. Ukishiba utaniuliza mimi. Mkeo ni mtu safi kuliko sahani hii, na anayesema vinginevyo atatafuta nyumba nyingine ya kulala, hata kama ni mwanangu."

Hilo ndilo neno jema la kwanza, na ninavyojua la mwisho, ambalo mama alilisema kuhusu Lukeria. Gordei alipiga meza kwa ngumi, akatoka akaenda ghalani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikaa karibu na mkewe, akala. Hakuliuliza tena. Walizaa watoto watano, wakazika wawili.

Mimi nilifika miaka ishirini na mitano sijaolewa. Wasichana wadogo waliniita "mabaki" nikipita. Ndipo akaja Nikon, aliyefiwa na mke, mwenye mabinti wawili, msafirishaji wa mizigo anayesafiri na magari ya farasi majira yote ya baridi. Hakutuma mshenga. Alizungumza na baba kwanza, kisha akaomba kuzungumza na mimi, Lukeria akiwa pale anasokota uzi ili isionekane vibaya.

"Wanasema unasema sana," Nikon akaanza.

"Mara moja nilisema bila kuulizwa. Mara nyingine zote huulizwa kwanza."

"Mimi siko nyumbani nusu ya mwaka. Nahitaji mtu ambaye mabinti zangu wakidhulumiwa hatakaa akinisubiri nirudi."

Lukeria aliacha kusokota. Mimi nilimwambia Nikon anipe siku mbili, na siku ya tatu nikakubali. Sikumpenda siku ile. Alikuwa na meno mabaya na alinuka farasi. Nilianza kumpenda majira ya baridi ya pili, aliporudi kutoka safari na homa, nikamlisha kwa kijiko wiki tatu, na kila jioni akaniuliza habari za siku nzima, nani kasema nini, nami nikamwambia nini. Alifumba macho akisikiliza. Nikinyamaza kidogo, alifumbua jicho moja akasema, "Haya, endelea."